Miaka 12 Haitoshi Kumvisha Binti Viatu vya Ncha

Swali ninaloulizwa zaidi na wazazi wa hapa Dodoma wenye mabinti wanaojifunza baleti ni la umri. "Kashatimiza miaka 12, si anaweza kuanza sasa?" Wanamaanisha kuanza kuvaa viatu vya ncha, vile vyenye kichwa kigumu vinavyomwezesha mchezaji kusimama juu ya ncha za vidole. Mara nyingi swali linakuja viatu vikiwa vimeshaagizwa: shangazi yuko Dubai, au baba ana mwenzake kazini anayesafiri kwenda Johannesburg. Hamu hiyo naielewa kabisa. Mtoto amesubiri miaka, ameangalia video mpaka bando la mama limekwisha, na nyumbani wote wanajua kwamba siku atakayovaa satini ile ndiyo siku atakayojihesabu mchezaji kamili. Ila jibu langu halianzii kwenye cheti cha kuzaliwa. Linaanzia kwenye maswali mawili: anafanya mazoezi mara ngapi kwa wiki, na akisimama kwa mguu mmoja, mwili wake unafanya nini?

Nayasema haya kama mtu wa tiba ya viungo, na nayasema kwa sababu nimeona miguu ya watoto ikilipia haraka za watu wazima. Katika mji wetu baleti bado ni changa. Mara nyingi ni darasa la Jumamosi, saa moja au saa moja na nusu, kwenye ukumbi wa shule wenye sakafu ya vigae. Kwa hali hiyo mabinti wengi wenye miaka 12 hawajawa tayari, na mwalimu anayemwambia mzazi ukweli huo anamheshimu mtoto kuliko yule anayetaka kumfurahisha mzazi.

Hata hivyo, hiyo 12 haikuokotwa njiani. Mwaka 2009 wataalamu watatu, Weiss, Rist na Grossman, walitoa mwongozo kupitia chama cha kimataifa cha tiba na sayansi ya dansi, na sharti lao la kwanza lilikuwa kwamba mtoto asianze kabla ya umri huo. Watu wengi wamelishika sharti hilo moja wakayaacha yote yanayofuata. Mwongozo uleule unasema kwamba mtoto ambaye kifundo cha mguu na wayo havinyooki vya kutosha, au ambaye nyonga, goti na mguu havijipangi kwenye mstari, asiruhusiwe. Mwenye kiwiliwili dhaifu acheleweshwe, apewe mazoezi ya kuimarisha misuli. Mwenye viungo vinavyolegea kupita kiasi naye acheleweshwe, ajengewe nguvu kwanza. Anayehudhuria darasa mara moja kwa wiki ashauriwe asianze. Na anayehudhuria mara mbili kwa wiki, asiye na kasoro yoyote katika hizo, aanze katika mwaka wa nne wa mafunzo. Ukiusoma wote unaona kwamba 12 ni mpaka wa chini tu. Mtoto aliyeanza baleti akiwa na miaka 10, kwa darasa la Jumamosi, bado yuko mbali hata kama sherehe ya kuzaliwa imeshafanyika.

Kuna hoja ya zamani kwamba tatizo ni mifupa laini, kwamba ukimsimamisha mtoto kwenye ncha mapema mifupa yake itapinda na hatarefuka tena. Ni kweli kwamba katika umri huo mifupa ya mguu ina sehemu za gegedu ambazo bado zinakua, na zinastahili kulindwa. Lakini ushahidi kwamba viatu vyenyewe vinadumaza mifupa ni mdogo, na mimi sipendi kumtisha mzazi kwa jambo ambalo siwezi kulisimamia. Sababu yenye nguvu zaidi ni uwezo wa kuumudu mwili. Karibu na miaka 12 ndipo wasichana wengi wanaporefuka kwa kasi kubwa. Mifupa mirefu inatangulia, misuli na kano vinafuata nyuma vikiwa vimevutika, na ubongo unalazimika kujifunza upya urefu wa miguu unayoiendesha. Nimempima binti mwezi Januari akafanya vizuri karibu kila kitu. Alipokuja Juni sketi ya shule ilikuwa imepanda juu ya magoti, na zoezi alilokuwa akilifanya huku akitabasamu lilikuwa linamyumbisha. Hakuwa mvivu, na hakuwa amerudi nyuma kimafunzo. Alikuwa anakua. Ndiyo maana kipimo cha mara moja hakitoshi. Katika miezi ya kurefuka mtoto apimwe upya kila baada ya miezi mitatu hivi, na mzazi aweke alama ya urefu ukutani kila mwezi.

Historia ya viatu hivi inasaidia kuelewa ninachokitetea. Marie Taglioni, aliyezaliwa mwaka 1804, ndiye aliyeifanya ncha ya kidole kuwa sanaa pale alipocheza kwenye jukwaa la Opera ya Paris mwaka 1832. Viatu vyake vilikuwa vya satini laini, vimeshonwashonwa pembeni na mbele ili visichanike. Havikuwa na kichwa kigumu. Kilichomsimamisha ni miguu yake na kiwiliwili chake, baada ya baba yake Filippo kumfundisha kwa saa nyingi kila siku. Kichwa kigumu cha tabaka za kitambaa, karatasi na gundi, pamoja na soli inayobeba wayo, kilikamilishwa miaka mingi baadaye ili mchezaji ambaye tayari ana nguvu aweze kukaa kwenye ncha muda mrefu zaidi na kuzunguka zaidi. Leo mambo yamegeuka. Kiatu kinaweza kumpandisha hata mtoto asiye na nguvu, na yeye, mama yake na kamera ya simu wote wakaamini kwamba ameweza. Mzigo uliopaswa kubebwa na misuli unahamia kwenye mifupa na kano.

Na mzigo huo una mahali pake pa kuumiza. Ukitua kwenye shina la mfupa mrefu unaobeba kidole cha pili, unaweza kuleta ufa mdogo usioonekana kwenye picha ya kwanza ya eksirei. Ukitua nyuma ya kifundo, unabana nyama laini kati ya muundi na kisigino. Wapo watu waliozaliwa na kifupa cha ziada mahali hapo, na wao huumia mapema zaidi. Kano inayokunja kidole gumba hupita hapohapo nyuma ya kifundo, nayo huvimba kwa wachezaji kiasi kwamba madaktari wa michezo wanaihusisha moja kwa moja na baleti. Binti akilalamika maumivu nyuma ya kifundo kila anaponyoosha vidole, asiambiwe avumilie.

Sasa nieleze ninachokitazama. Alikuja binti wa darasa la saba kutoka Ilazo na mama yake. "Shikamoo," akasema, akavua soksi kabla sijamwambia. Nikamsimamisha mguu mmoja karibu na ukuta, kidole kimoja tu cha mkono kikigusa rangi, nikamwambia ainue kisigino hadi mwisho, kisha akishushe polepole, na arudie. Walimu wengi hutaka mara 20 hadi 25 kwa kila mguu. Kumi za kwanza zilikuwa za kupendeza. Kufika ya 12 kisigino kilikuwa hakifiki tena kilipofika mwanzo. Goti likaanza kujikunja kidogo kusaidia. Baadaye kifundo kikaanza kulalia upande wa kidole kidogo, kiganja kizima kikahamia ukutani, naye bado anahesabu kwa sauti. "Ishirini na mbili!" Mama akapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeandika 11. Kifundo kile kilicholalia nje akiwa peku kwenye zulia langu ndicho kingeteguka akiwa juu ya ncha ya kiatu, akiwa na uzito wote kwenye eneo dogo mno.

Baada ya hapo anakaa chini, mguu umenyooshwa, vidole vimeelekezwa mbele kadiri vinavyoweza. Nalaza penseli juu ya mguu, mbele ya kifundo, ikielekea muundini. Ikilala vizuri bila kuzuiwa na mwisho wa mfupa wa muundi, kifundo kina unyookaji wa kutosha, nyuzi 90 au zaidi. Ikizuiwa, binti huyo akivaa kiatu hatafika juu kabisa ya ncha. Atabaki nyuma kidogo, na ili asidondoke atakunja magoti, atabana vidole ndani ya kiatu au ataupinda mgongo. Kwa upande mwingine wapo wenye nyayo zinazopinda kama upinde, ambazo walimu huzisifu mno. Hao nami nawaangalia kwa jicho la pili, kwa sababu wayo unaopinda sana bila nguvu humwangusha mchezaji mbele ya kiatu. Uzuri wa wayo kwenye picha haunipi habari yoyote kuhusu nguvu zake.

Vipimo ninavyoviamini zaidi lakini ni vya mwili ukiwa kwenye mwendo. Mwaka 2010 Megan Richardson na wenzake wawili wa Marekani walichapisha utafiti uliolinganisha vipimo mbalimbali na maoni ya walimu kuhusu nani yuko tayari. Vitatu vilijitokeza, na vilisema mengi kuliko umri. Kwanza, binti anasimama kwa mguu mmoja, anainamisha kiwiliwili mbele hadi kiwe sambamba na sakafu, mguu mwingine umenyooka nyuma na mikono imetandazwa kama ndege. Kisha anakunja goti la mguu uliosimama huku akishusha mikono kuelekea sakafuni. Anarudia mara tano, na angalau nne nyonga zisipinduke wala goti lisiingie ndani. Pili, anaruka kwa mguu mmoja mara 16, na angalau nane ziwe safi: mgongo umetulia, goti na vidole vimenyooka hewani, na anatua kwa kuanzia vidole kisha kisigino. Tatu, mzunguko mmoja kwa mguu mmoja, wima kuanzia kichwani hadi chini, na kutua bila kujiokoa.

Wazazi hushangaa kwamba hakuna kati ya hivyo kinachopima nguvu za vidole moja kwa moja. Ukiwa kwenye ncha, kosa dogo la nyonga linafika chini likiwa kubwa. Mtoto mwenye tumbo na makalio yasiyofanya kazi anaweza kuwa na vidole vya chuma na bado asiwe tayari. Hivyo mazoezi ninayowapa walioshindwa mara nyingi ni ya kulala kifudifudi na kujiinua kwa viwiko, ya kupanda ngazi moja kwa kusukuma mguu mmoja polepole, na ya kukaza wayo sakafuni bila kukunja vidole. Yanachosha na hayapendezi kwenye video. Wiki nane za kazi hiyo, siku nyingi za wiki, huonyesha tofauti ambayo hata baba asiyejua baleti anaiona.

Hapa ndipo narudi kwenye swali la mara ngapi kwa wiki, ambalo kwa Dodoma ndilo zito kuliko yote. Mwili haukumbuki Jumamosi iliyopita. Misuli midogo ya wayo na ile ya ndani ya kiuno inataka kuitwa mara kwa mara. Siku sita za kupumzika kati ya darasa na darasa ni nyingi mno kwa misuli inayotakiwa kujengeka. Shule yenye darasa moja kwa wiki isiweke viatu vya ncha kwenye ahadi zake kabisa, wala isiviingize kwenye onyesho la mahafali ili wageni wapige picha. Kama kweli inataka kufika huko, iongeze siku ya pili na ya tatu, hata ya dakika 45 baada ya vipindi, na isubiri miaka.

Kuna sehemu moja ya mwongozo wa 2009 ambayo siikubali nzima nzima. Inasema kwamba mwanafunzi asiye kwenye njia ya kuwa mchezaji wa kulipwa ashauriwe aache viatu vya ncha. Kwa London au New York, ambako njia hiyo ina shule, kampuni na mishahara, naona mantiki yake. Kwa Dodoma ingekuwa na maana kwamba hakuna binti hata mmoja wa mitaa ya Kisasa au Nkuhungu atakayewahi kuvaa, kwa kuwa njia yenyewe haijachongwa. Sioni haki ya kumfungia mlango mtoto aliyefaulu vipimo vyote, anayefundishwa mara tatu kwa wiki na mwalimu anayejua, eti kwa sababu kazi ya baleti haipo hapa. Mapenzi ya kitu ni sababu inayotosha. Lakini nikilegeza sharti hilo sina budi kuyakaza mengine, kwa kuwa mtoto asiye na kampuni nyuma yake hana pia daktari wa kampuni wala mtu wa kumtibu jioni ileile.

Na tusiwaone watoto wetu kana kwamba wanaanza kutoka sifuri. Binti aliyekulia Chamwino au Bahi akicheza muheme, ngoma ya wanawake wa Kigogo, na bibi zake, ngoma ikiwa imebanwa katikati ya mapaja na miguu peku kwenye udongo, anakuja na kitu ambacho mtoto wa viatu vya shule saa zote hana: vidole vinavyotanuka na kushika ardhi, magoti yanayojua kupokea uzito, na kiwiliwili kinachobaki imara mikono ikifanya kazi nyingine. Bado atahitaji kujifunza kugeuza nyonga nje na kunyoosha mguu hadi mwisho. Mwalimu wa baleti anayemkataza mtoto ngoma za kwao ili "asiharibu mwili" anapoteza mazoezi ya bure.

Tuje kwenye kiatu chenyewe. Sisi tuna desturi ya kumnunulia mtoto kiatu kikubwa kidogo ili akikulie. Kwa raba za shule ni busara ya mfuko. Kwa kiatu cha ncha ni hatari, na sijui namna ya kulisema kwa upole zaidi. Kiatu kikiwa na nafasi, mguu unazama ndani ya kichwa kigumu, vidole vinajikunja na kidole gumba kinapokea kila kitu peke yake. Kinapaswa kubana mguu wote pembeni, vidole vikiwa vimelala vimenyooka, na upana wake uchaguliwe kwa mguu wenyewe ukiwa ndani, binti akisimama na akipanda. Kwa hiyo kuagiza kwa namba ya raba kupitia mtu anayesafiri ni kucheza bahati nasibu. Kama safari ya kwenda kupimwa na fundi anayejua haiwezekani, mwalimu apime urefu na upana wa miguu yote miwili, achore wayo kwenye karatasi, na binti avae vikifika mbele ya mwalimu huyo kabla utepe haujashonwa. Visipomfaa virudi. Havipokewi na mdogo wake, na havirithiwi kutoka kwa binamu, maana gundi ya ndani hulegea kwa jasho na joto na kichwa hufuata umbo la aliyevivaa kwanza.

Sakafu nayo ihesabiwe. Vigae juu ya zege havirudishi chochote; kila kuruka kunarudi kwenye muundi. Fundi seremala anaweza kupanga mbao za mbili kwa mbili kwa kupishana, akaweka plaiwudi juu na zulia la plastiki lisiloteleza, na sehemu ya ukumbi ikawa salama. Ni gharama, lakini itangulie gharama ya mavazi ya onyesho.

Kuhusu uzito, naomba walimu na akina mama waache kabisa kuutumia kama kipimo. Mtoto anayekua akinyimwa ugali na maharage ili awe mwepesi hapati miguu yenye nguvu. Anapata mifupa inayopasuka, na hedhi inayochelewa. Msichana akifika miaka 15 hajavunja ungo, apelekwe hospitali, iwe anacheza baleti au hachezi.

Hospitali kubwa za hapa Dodoma zina wataalamu wa tiba ya viungo. Kazi yetu kubwa ni waliopata kiharusi na waliovunjika kwenye ajali za bodaboda, na wenzangu wengi hawajawahi kushika kiatu cha baleti. Si kikwazo. Mzazi aombe apimiwe mtoto unyookaji wa kifundo, nguvu ya mguu mmoja, mstari wa goti na uimara wa kiuno, apewe majibu kwa maandishi, ayapeleke kwa mwalimu. Mwalimu ndiye anayemwona kila wiki, na neno la mwisho liwe lake akiwa na karatasi ile mkononi.

Na jibu likiwa "bado", aambiwe binti mwenyewe, mzazi akiwa amekaa pembeni yake. Yule wa Ilazo nilimwonyesha video ya kisigino chake kuanzia ya 12 kuendelea. Aliitazama mara mbili, akauliza kama kile kifundo kinachoanguka nje kinaweza kutengenezwa. Nikamwambia kinaweza, nikamwandikia mazoezi matatu na mwezi wa kurudi. Mama akauliza afanyeje na viatu, maana vilikuwa tayari kwenye begi la shangazi. Binti ndiye aliyemjibu: "Mama, vikija tuviweke tu. Kwanza hatujui kama vitanitosha."